Miguu Mitatu Anasubiri Kuombwa

Nje ya duka la kusafisha picha pana benchi moja refu lililoegemea ukuta, na wenye benchi hilo wanajulikana kwa vifaa vyao kuliko kwa majina waliyopewa na wazazi wao. Ni wapiga picha wa harusi, na hakuna hata mmoja aliyekamilika. Huyu ana flashi, yule ana stendi, mwingine hana kitu ila maneno. Mwenye harusi ya Jumamosi huanza kuwazungukia wenzake mapema kuomba vifaa, na mwenye kuombwa hujifanya anafikiria kwanza. Ndiyo heshima ya pale. Mwenye flashi wanamwita Radi, na mdomo wake unalistahili jina hilo. Mzee anayebandika picha za maharusi kwenye vitabu wanamwita Albamu. Mwenye stendi ni Miguu Mitatu, na asubuhi hiyo alikuwa amefika kabla hata Mama Birika, muuza kahawa wa pale, hajamimina kikombe cha kwanza. Alikaa na stendi yake katikati ya magoti, viungo vya stendi vimepakwa mafuta, anasubiri kuombwa ili akatae.

Mwenye kuomba angekuwa Kifuniko. Kifuniko huyo huyo, jamani, aliyewahi kuinyanyua kamera juu ya vichwa vya watu siku ya harusi, akabonyeza na kubonyeza wakati bibi harusi anaingia, kumbe kifuniko cha lenzi hakijatolewa. Picha zote zikatoka nyeusi kama chungu. Jina alipewa na Miguu Mitatu mwenyewe, na likamganda. Sasa Kifuniko huyo amenunua lenzi mpya ya kuvuta mbali, ya kupigia wanyama wa porini, ile iliyotoka juzi juzi tu, na leo anaondoka kwenda mbugani.

Wivu una vyake. Lenzi ile Miguu Mitatu alikuwa ameitazama kwenye simu tangu siku ilipotangazwa, kila akipanda kitandani, hadi mkewe akamuuliza huyo mwanamke wa kwenye simu ni nani. Akamwonyesha. Mke akatazama, akasema afadhali angekuwa mwanamke.

Lakini Miguu Mitatu alikuwa na hesabu yake kichwani. Lenzi ni nzito, haiwezi kutulia mkononi. Kifuniko lazima aje kuomba stendi, kama alivyoomba kila harusi miaka yote. Yeye atakataa. Kifuniko atabembeleza. Hapo ndipo yeye atakohoa kidogo na kusema: "Sawa, lakini stendi yangu haisafiri bila mimi." Maneno hayo alikuwa ameyafanyia mazoezi mbele ya kioo. Ndani ya kiatu chake kizito cha porini vidole vilikuwa vinacheza vyenyewe, na chini ya benchi, nyuma ya miguu yake, palikuwa na begi.

— Mabuti hayo leo ya nini? akauliza Radi, akichukua kikombe chake.

— Viatu vingine vimelowa.

— Mvua imenyesha wapi?

— Nimevifua, bwana! Kunywa kahawa.

Radi akanywa. Hakai kimya muda mrefu.

— Mmeiona ile lenzi? Mimi niliiona jana. Nawaambia, ni bandia. Lenzi ya kweli ni nyeusi. Ile nyeupe! Lile ni bomba la choo limetiwa kioo mbele.

— Umeishika? akauliza Mama Birika.

— Kitu bandia unakishika cha nini? Nimeiona kwa mbali.

— Wahenga walisema, akaingia Mzee Albamu, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Sasa niambieni, jana alipita hapa amefanya nini?

— Amepita nayo begani, akajibu Radi.

— Ameitembeza! Si mmesikia wenyewe?

Miguu Mitatu alijua vizuri kwamba lenzi zile za kutazamia mbali nyingi ni nyeupe, na hupakwa hivyo ili jua lisizipashe moto. Siku nyingine angesema. Leo akapuliza kahawa yake, akaona utamu.

— Na wanasema ni ya mia sita, Radi akaendelea. Maana yake inaona mita mia sita. Ikizidi hapo, giza! Simba akikaa mbele ya hapo hatua moja tu, huyo simba amepona.

Hili nalo Miguu Mitatu alilijua. Mia sita ilikuwa milimita za lenzi yenyewe, si mita za kwenda kokote. Akanyamaza tena. Kumwacha mjinga aendelee kumsema mtu unayemwonea wivu ni raha ambayo haina gharama.

— Shida yake ni kutulia, ndilo neno pekee alilotoa. Lenzi ile bila stendi ni kazi bure. Ukipumua tu, twiga anakuwa ukungu. Atakuja hapa. Nyie subirini.

— Na akija utampa? akauliza Mama Birika.

— Nimpe? Mimi? Kitu changu kikaburuzwe na fisi? Hapana. Mara hii atanitambua.

— Haya, akasema Mama Birika, na akayaangalia mabuti.

Radi akasogea katikati ya benchi, sauti akaishusha, ingawa hata wa ng'ambo ya barabara angeisikia.

— Nyie mnadhani kweli anakwenda kupiga wanyama? Mtu gani anayelipa kwa picha ya nyumbu? Nyumbu hana shemeji wa kununua nakala. Ile ni kazi ya siri. Jamaa amechukuliwa na waume wenye mashaka. Anapanda ghorofani, anakaa na kile kidude chake, anakutazama mkeo sokoni anacheka na nani.

— Na wake wenye mashaka je? akadakia Mama Birika.

— Hao pia.

— Basi kwako hana kazi, akasema Mama Birika. Mkeo hahitaji lenzi kujua ulipo. Uko hapa, kuanzia kahawa ya kwanza mpaka ninaposuuza birika.

Hata Miguu Mitatu alicheka. Kisha gari likanguruma kwenye kona, akageuka haraka. Lilikuwa gari la mkaa. Akajiweka sawa tena, akaipangusa stendi ambayo haikuwa na vumbi.

Mzee Albamu alikuwa bado anatafuna lile neno la lenzi kuona mbali. Alipomaliza kulitafuna alikuwa amefika mbali kuliko wote.

— Nyinyi watoto hamfikiri, akasema. Jua linatokea wapi?

— Mashariki.

— Kwa hiyo watu wa mashariki wanaamka kabla yetu. Sisi tuko asubuhi, wao wako mchana. Nenda zaidi, wao wako jioni. Nenda zaidi tena, huko tayari ni kesho. Sivyo?

— Ndivyo, mzee.

— Basi mtu mwenye lenzi ndefu ya kutosha akisimama mahali pa wazi, akaielekeza mashariki, anatazama nini?

Mzee akawapitishia macho mmoja mmoja.

— Anatazama kesho! Huyu Kifuniko ataziona harusi kabla hazijafungwa. Atajua nani anaoa, wapi, ukumbi gani. Ninyi mtakapofika kuomba kazi, mtamkuta ameshakula chakula cha harusi. Ndiyo maana wahenga wakasema, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Hapo umeingiaje mvungu, mzee? akauliza Radi.

— Nimekuambia ameinama? Amesimama! Ndiyo hatari yake.

Radi hakucheka. Uso ulimbadilika, maana kazi mbili za mwezi ule zilikuwa zimempita, na mtu aliyepitwa na kazi huamini hata kesho inayoonekana kwa lenzi. Miguu Mitatu alitaka kusema kwamba dunia ni mviringo. Lakini hapo hapo gari la juu, lenye magurudumu makubwa na matope yaliyokauka ubavuni, likasimama mbele ya duka, na akashuka Kifuniko.

Alikuwa amevaa fulana ya mifuko mingi. Lenzi, ikiwa imeshafungwa kwenye kamera, ameining'iniza kifuani kwa mkanda mpana, mkono mmoja ameikumbatia.

— Asiye na mwana aeleke jiwe, akanong'ona Mzee Albamu.

— Shikamoo mzee.

— Marahaba, mwanangu! Habari za nyumbani? Mzigo mzuri huo! Tumekaa hapa tunakusifu tangu asubuhi.

— Kaka Radi, habari. Mama, nipe kimoja cha haraka, wenzangu wako kwenye gari. Kaka Miguu, umeamkaje?

— Salama, akasema Miguu Mitatu. Akaubana uso. Akasubiri.

Kifuniko akanywa kahawa. Hakuomba kitu. Radi, yule yule wa bomba la choo, alikuwa ameshasimama na mikono miwili mbele kama anapokea mtoto.

— Hebu tuione basi, ndugu yangu. Loo! Jamani, hii ndiyo lenzi. Tazama kioo hicho!

Ikapita kwa Radi, ikapita kwa Mzee Albamu, aliyeielekeza mashariki, akatazama muda mrefu, na akairudisha bila kusema alichokiona. Ikamfikia Miguu Mitatu.

Hakutaka kuipokea, na mikono yake ikaipokea. Akaielekeza kwenye tangi la maji, kule juu ya jengo la mwisho wa barabara, ambako kwa macho palionekana kidoa tu. Akazungusha pete. Kidoa kikawa kunguru. Akazungusha tena, na kunguru akajaa kwenye kioo chote, manyoya ya shingo yake yanang'aa zambarau, jambo ambalo Miguu Mitatu hakuwahi kulijua katika maisha yake yote ya kuishi na kunguru. Ndege akageuza kichwa. Jicho lake lilikuwa jeusi, limelowa, na ndani yake kulikuwa na kipande kidogo cha mbingu.

Alitamani lile gari liondoke bila Kifuniko, na lenzi ibaki hapa, mkononi mwake. Alitamani hivyo kwa roho yote, na hakuona aibu.

Kisha akaikumbuka hesabu yake. Akailegeza mikono kidogo, makusudi, na kunguru akaanza kuruka ruka kwenye kioo.

— Inatikisika, akasema kwa sauti ya mganga anayetoa habari mbaya. Unaona? Haitulii kabisa. Hii bila kitu cha kuikalisha utaleta ukungu mtupu.

— Kweli kabisa, kaka, akasema Kifuniko. Hata mimi niliogopa hivyo hivyo.

Miguu Mitatu akakohoa kidogo. Maneno yote yalikuwa tayari ulimini.

— Mpaka mke wangu akanishonea hiki.

Kifuniko akatoa kwenye begi kifuko cha kitambaa cha khaki, kizito, kimeshonwa vizuri pembeni. Akakitupa juu ya ukuta mfupi wa duka. Kikatua kwa mlio mkavu.

— Maharage. Unakiweka kwenye dirisha la gari, unailaza lenzi juu yake. Porini hairuhusiwi kushuka kwenye gari, kaka, stendi utaisimamisha wapi? Hebu tazama sasa.

Akailaza lenzi juu ya maharage. Miguu Mitatu akainama, akatazama. Kunguru alikuwa ametulia tuli.

— Maharage! akasema Radi, akapiga paja. Ukimaliza kazi unapika!

Wote wakacheka, na wenye gari nao wakacheka, wakapiga honi. Kifuniko akafunga begi. Akamshika Miguu Mitatu mkono kwa mikono yake miwili.

— Kaka, nimekusumbua sana na stendi yako miaka yote hii. Safari hii nimesema nikupumzishe.

Hakukuwa na kejeli yoyote katika sauti yake. Miguu Mitatu aliitafuta, maana kejeli angalau ungeweza kuijibu, akaikosa.

— Si usumbufu, akasema. Kisha, haraka, Kifuniko akiwa ameshafungua mlango: Lakini huwezi kujua! Huko mbele mnaweza kufika mahali pa kushuka. Kambini, kwa mfano. Jioni. Stendi ipo hapa, na mimi leo...

— Hapana, kaka, gari limejaa! Tuombeane heri!

Mlango ukafungwa. Gari likaondoka na vumbi lake, na mkono wa Kifuniko ukapunga dirishani mpaka kwenye kona.

Mama Birika akainamisha birika juu ya kikombe cha Miguu Mitatu. Yakatoka matone na machicha. Radi alipata kazi ya kufunga kamba za viatu. Mzee Albamu akayatazama mawingu.

Hapo akatoka dukani dada mmoja aliyekuwa ndani akisubiri picha zake ndogo za kitambulisho. Wa pale hakuwa. Alikuwa amepita tu. Akasimama mlangoni akipuliza picha zikauke. Akamwona mtu aliyekaa amenyooka, amevaa mabuti, stendi mkononi, begi limechungulia nyuma ya miguu yake. Akaangalia vumbi lililokuwa bado halijatua barabarani.

— Kaka, akasema kwa huruma ya kweli, lile gari si ndilo lenu? Mbona limekuacha?

Radi hakuinuka kwenye kamba zake. Dada akangoja jibu kidogo, kama mtu anavyongoja akiuliza saa, kisha akaaga na kwenda zake.

Miguu Mitatu alianza kuikunja stendi, mguu mmoja baada ya mwingine. Mafuta yalikuwa yamefanya kazi yake. Yote mitatu iliingia bila kukwama. Kisha hakusimama. Nyumbani alikuwa ameaga kwamba leo halali huko, na wasimwekee chakula.