Sauti ya Babu Sehemu

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkaguzi wa Shule. Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi na walezi wetu, shikamooni.

KARIBU TENA

Tunasema tena kwa sababu mwaka jana ulitujia bila taarifa, ukakaa dawati la nyuma, na kalamu zikatuteleza mikononi kwa hofu. Leo hatukuogopi. Barua yako ya Jumatatu iliyopita imetufanya tushushe pumzi.

TULIKOTOKA

Mwalimu wetu wa Hisabati tunamwita Babu Sehemu. Anajua, ila hujifanya hajui. Kwa miaka thelathini na moja sauti yake ilisikika hadi jikoni. Mwaka jana ikamkauka, daktari akamwonya apunguze kusema la sivyo koo litamwachisha kazi. Ndipo ulipokuja, ukaandika kwamba mwalimu hasikiki, darasa apewe mwingine mwisho wa mwaka huu. Hukukosea. Siku ile alifuta ubao polepole mno, nasi tukajua moyo umemvunjika.

Binti yake, fundi simu, ndiye aliyekataa baba yake akate tamaa. "Baba, kelele za nini? Nong'ona hapa kwenye simu, kila mtoto atakusikia."

Somo la kwanza alilirekodi kwa video sebuleni, likatufikia kwenye simu za nyumbani. Mazoea yana taabu: kwa dakika nne tuliona mgongo wake tu, kageukia ubao. Kisha akauliza, "Mmeelewa?" akasubiri jibu, sebuleni peke yake! Alipoona kimya akafoka kwa kunong'ona, "Wewe wa nyuma, acha soga." Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

MAFANIKIO

Siku hizi somo tunalitazama nyumbani, darasani tunafanya mazoezi. Babu Sehemu hupita dawati kwa dawati, huinama, hunong'ona palepale mtu alipokwama. Ambaye hakutazama hukaa benchi la pembeni na kishikwambi cha shule mpaka atazame, kisha hujiunga nasi.

Mwenzetu mmoja, bingwa wa kunakili, alirudia somo la kugawanya sehemu mara tisa bila kumwonea haya mtu. Sasa sisi ndio tunaomuuliza. Bibi yake ni mshonaji, na mwalimu akiuliza swali lake, bibi husimamisha cherehani na kuijibu simu: "Tumeelewa, mwanangu, endelea."

CHANGAMOTO

Vishikwambi ni viwili, na kimoja huzimika kabla somo halijafika katikati. Lakini hilo ni dogo. Kubwa lilikuwa kungoja. Mwalimu Mkuu alikuandikia ufikirie upya, akakutumia na madaftari yetu, na wiki sita zikapita kimya. Katika wiki hizo Babu Sehemu alirekodi masomo yote ya mwaka mzima unaokuja. Hakutuambia sababu, wala hatukuuliza. Alikuwa anawaachia wadogo zetu akiba.

Barua iliposomwa mstarini, tukasikia neno "aendelee", yeye aliketi kwenye ngazi, akavua miwani, akaifuta muda mrefu. Tulilia, mgeni rasmi, na wakubwa ndio walioanza.

MAOMBI

Kwanza, tunaomba vishikwambi vinne. Pili, fomu yako ya ukaguzi ina mahali pa kupima sauti ya mwalimu. Tunaomba kabla ya kupajaza uwaulize wanafunzi kama wanamsikia.

La tatu si lako, utuwie radhi. Ni la kwake.

Babu Sehemu, leo tunakuita hivyo mbele ya watu. Katika masomo yako yote mia moja na kumi na mawili tuliyoyatazama umeuliza, "Mmeelewa?" ukasubiri. Tulikuwa tukikujibu kila mara, kila mtu kwao, na wewe hukutusikia. Leo upo. Darasa la Saba, simameni.

Tumeelewa, Mwalimu.

Mgeni rasmi, Mungu akufikishe nyumbani salama, na koo la mwalimu wetu alijalie afya.

Ni sisi wanafunzi wa Darasa la Saba, madawati yote pamoja na benchi la pembeni.