Mama Sita, Aliyewatoa Wazee Mkiani mwa Orodha

Ijumaa tarehe 30 mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, Muuguzi Kiongozi wa Wodi Namba Sita atakabidhi funguo za kabati la dawa na kustaafu, baada ya miaka thelathini na sita na miezi minne ya utumishi. Miaka yote hiyo, ukiondoa likizo mbili za uzazi na siku nne, ameitumia katika wodi hiyo hiyo ya mifupa, ndiyo maana tunamwita Mama Sita. Wageni hudhani ana watoto sita. Anao wawili, na wote walikataa katakata kusomea uuguzi, wakidai walishapangiwa zamu za kutosha nyumbani tangu wakiwa chekechea.

Aliwahi kuhamishwa mara moja tu, kwenda kliniki ya macho. Akakaa siku nne. Siku ya tano alikutwa Wodi Sita akitandika vitanda, na ofisi ya utumishi ikaona haya kumwandikia barua nyingine.

Alipoanza kazi, wodi ilikuwa ya vijana: walioanguka na pikipiki, mafundi walioteleza kwenye paa, wacheza mpira. Mzee aliyevunjika nyonga alikuwa mgeni wa nadra. Rejista ya mwaka wake wa kwanza ina wagonjwa kumi na tisa wa aina hiyo waliozidi miaka sitini. Rejista ya mwaka jana ina mia mbili na saba, na vitanda ni vile vile thelathini na viwili. Mama Sita huieleza hali hiyo bila kuumauma maneno: zamani wengi walikufa kabla ya kufikia umri wa kuanguka. Siku hizi tunaishi, mifupa inapungua nguvu, macho yanafifia, na nyumba zetu hazina habari kwamba wenyewe tumezeeka.

Hayo aliyaona mapema kuliko wengi wetu kwa sababu ana mazoea ya kuuliza. Rejista haikuwa na safu ya mahali mgonjwa alipoangukia, basi akaichora mwenyewe kwa rula na kalamu nyekundu, ukurasa baada ya ukurasa, kwa miaka ishirini na tisa. Mtu angedhani wazee huanguka ngazini au barabarani. Safu nyekundu inasema vingine: kati ya kitanda na choo, wakitoka kuoga, wakifikia sufuria ya rafu ya juu, wakikimbilia simu inayoita. Wengi ni wanawake, na wengi walianguka wakiwa wamesimama tu, mchana kweupe. Kutokana na safu hiyo akatangaza vita dhidi ya vijizulia vya mlangoni na ndala zilizolika kisigino. Hakuna anayeruhusiwa kwenda nyumbani kabla ndala zake hazijakaguliwa. Kuna mkwe mmoja aliyemletea mama mkwe wake ndala zilizokwisha kuvaliwa na watu watatu. Alirudishwa dukani wodi nzima ikitazama.

Lakini jambo kubwa kuliko yote alilotufanyia linanihusu mimi, na nimeomba kuliandika mwenyewe.

Mimi ndiye ninayepanga orodha ya upasuaji wa mifupa. Kila siku nafasi ni sita na wanaosubiri ni kumi na tano. Kijana aliyevunjika mguu hupiga kelele, na ndugu zake hupiga kelele zaidi. Mzee hulala kimya. Ukimtumia ujumbe kwamba leo haitawezekana, hujibu, “Hamna neno, mwanangu, nitangoja.” Mimi nikawa namwamini. Kila nafasi zilipobana nilimfuta mzee, tena kwa moyo mweupe, maana nilijua hatanilaumu.

Miaka kumi na miwili iliyopita alilazwa mwalimu mstaafu wa miaka sabini na minane, aliyevunjika nyonga akitundika pazia. Nilimfuta mara tano. Siku ya tisa kifua kilimjaa, kama kinavyowajaa wazee wanaolala chali muda mrefu, na siku ya kumi na mbili akafariki kabla hajafika chumba cha upasuaji. Mama Sita hakunishtaki kwa mkuu. Alikuja ofisini kwangu, akafungua rejista, akanionyesha kwa kidole. Waliopasuliwa ndani ya siku mbili, wengi walirudi kwao wakitembea. Kati ya waliongoja zaidi ya wiki, mmoja katika kila watatu hakurudi kabisa. Kisha akaniomba jambo moja: kuanzia siku hiyo, anayemfuta mgonjwa kwenye orodha, kabla hajanywa chai yake ya asubuhi, ashuke mwenyewe hadi kitandani akamwambie.

Niliona ni jambo dogo. Ofisi yangu iko ghorofa ya tatu, wodi iko chini. Wiki ya kwanza nilishuka mara saba, na mara zote saba niliambiwa hamna neno na mtu anayenitazama machoni. Jamani, si rahisi. Wiki ya tatu nilianza kuwapandisha wazee juu ya orodha, nikijisingizia kwamba naonea huruma magoti yangu. Daktari bingwa wetu, ambaye hasira zake mnazijua, aligoma kushuka siku alipomfuta mgonjwa yeye mwenyewe. Mama Sita akavichukua viatu vyake alivyoviacha nje ya chumba cha upasuaji, akaenda navyo wodini, na bingwa akalazimika kuvifuata.

Mwaka ulipokwisha, siku za kungoja zilikuwa zimeshuka kutoka tisa hadi mbili, na hapo ndipo tukaandika sheria. Mzee wa nyonga apasuliwe ndani ya siku mbili. Aliyefutwa leo awe wa kwanza kesho. Na kesho yake baada ya upasuaji asimamishwe, ashike fremu ya kutembelea, apige hatua. Anayenung’unika, Mama Sita humwambia kwamba godoro halijamfundisha mtu kutembea.

Mwezi uliopita ikawa zamu yake. Shangazi yake aliyemlea, bibi wa miaka themanini na minne, aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Alifikishwa kwetu Jumatatu saa nne asubuhi, nikamwandika wa nne katika orodha ya Jumanne. Jumanne asubuhi magari mawili yakagongana, majeruhi wakachukua nafasi tatu za mwisho, na shangazi akawa ndani ya hizo tatu. Sitaficha: nilitafuta mtu mwingine wa kumfuta badala yake. Wa tatu alikuwa babu mmoja, wa mwisho kati ya watatu waliofutwa Jumatatu. Nikamwacha babu, nikamfuta shangazi, nikashuka.

Nilimkuta Mama Sita kwenye kiti cha wageni, hana sare, ameomba ruhusa ya siku nzima ili awe ndugu wa mgonjwa. Nikamwambia shangazi. Shangazi akasema hamna neno. Mama Sita akauliza swali ambalo nimemsikia akilijibu miaka yote na sikuwahi kumsikia akiliuliza: kweli itakuwa kesho? Sauti yake haikuwa ile tunayoijua. Nikamwambia ndiyo, kesho, wa kwanza. Akanishukuru kwa kushuka mwenyewe kumwambia shangazi.

Jumatano saa mbili asubuhi shangazi alikuwa chumba cha upasuaji. Hakuna aliyepiga simu, hakuna aliyeombwa msaada, na bingwa hakujua anampasua ndugu ya nani hadi alipomaliza. Alhamisi shangazi alisimama, amewakasirikia wote, hasa mtaalamu wa viungo. Wiki iliyopita alirudi nyumbani, na taarifa tulizonazo ni kwamba anatembea hadi jikoni kwenda kukosoa mapishi ya watu.

Mama Sita, siku ile uliponishukuru sikuweza kukujibu. Nilipanda hadi ghorofa ya pili, nikakaa kwenye ngazi, nikalia. Nakujibu leo mbele ya wote: asante ni yako. Ni ya mwalimu ambaye sikumtendea haki, na ya mamia ya wazee ambao baada yake ulinilazimisha kuwatazama. Asante ya bingwa imo humu pia, ingawa hataki iandikwe.

Mwaka ujao watakuwa zaidi ya mia mbili na saba, na baadhi yetu tunaokupigia makofi leo tumo njiani kuwa miongoni mwao. Orodha ya Jumatatu, ya kwanza bila wewe, nimekwisha kuiandika. Ina wazee watatu, na wote wako juu.

Nenda kapumzike, dada yetu. Tunakuombea usingizi wa kutosha, miguu yenye nguvu na uzee wa raha. Na ikitokea siku ukatuhitaji, njoo kama mgonjwa mwingine yeyote. Utapasuliwa ndani ya siku mbili.