Makala Mia Moja na Kumi na Mbili za Kaka

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1956, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na muuguzi, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko. Mdogo wake, aliyeandika wasifu huu na ndiye anayeusoma, alifika miaka mitatu baadaye na kukuta nafasi ya mbele imeshakaliwa.

Alianza shule mwaka 1963. Alishika nafasi ya kwanza katika mitihani yote isipokuwa mmoja, na siku hiyo hakula. Kila darasa alilotoka yeye, mdogo aliingia na kuulizwa na mwalimu yuleyule, "Wewe ndiye mdogo wake yule?" Matokeo yakitoka aliulizwa tena, "Una hakika?" Hata sweta alilovaa lilikuwa na jina la kaka kwenye kola. Mbele ya jeneza tusidanganyane: wivu ulianzia hapo.

Alihitimu udaktari mwaka 1982, akabobea katika magonjwa ya moyo, na mwaka 1988 akaingia kituo cha utafiti, ofisi ya mwisho kwenye korido ya ghorofa ya pili. Alichapisha makala 112, ambazo watafiti wenzake wamezinukuu mara 2,860. Hesabu hiyo si ya kukisia. Aliifungua kwenye kompyuta kila asubuhi kabla ya chai, na mdogo wake, ambaye alimfuata hata kwenye udaktari wa moyo, aliifungua kabla yake.

Kumbe mwaka 1999 mdogo naye alichapisha makala moja. Alichukua tepu ya marehemu baba yao, akapima kila asubuhi vifundo vya miguu vya wagonjwa arobaini na mmoja wenye moyo dhaifu, akaonyesha kwamba uvimbe ukiongezeka sentimita moja tu, mgonjwa yuko mbioni kuzidiwa. Zahanati zisizo na mashine ziliipokea kwa mikono miwili. Makala hiyo moja imenukuliwa mara 3,114. Kaka hakuigusa. Katika kazi yao, kumnyima mtu nukuu ni kumpita njiani bila salamu, na marehemu alimpita hivyo kwa miaka ishirini na mitatu, ingawa kila Jumapili walikula meza moja na kucheka.

Mwaka 1985 alikuwa amefunga ndoa na mwalimu wa hesabu, wakajaliwa mabinti wawili. Siku ya harusi alichelewa dakika arobaini akisahihisha jedwali. Bibi harusi aliliomba, akalikagua mlangoni, akaonyesha kosa kwenye safu ya tatu. "Ungeniletea tangu jana," alimwambia, ndipo wakaingia. Shemeji alizoea kusema kwamba ana mke mwenza, naye ni karatasi.

Septemba 2022 moyo wa marehemu mwenyewe ulianza kuchoka, akalazwa. Asubuhi ya kwanza muuguzi alikuja na tepu.

"Unapima nini?"

"Vifundo, daktari. Nyoosha mguu."

"Nani kawafundisha hayo?"

"Ah, kuna makala moja. Hata wanafunzi wanaijua."

Mdogo wake alikuwa kwenye kiti kando ya kitanda. Anakiri kwamba alifurahi, na haikuwa furaha nzuri. Marehemu alinyoosha mguu.

Wiki mbili baadaye alimpa mdogo wake rasimu ya makala yake ya mwisho aikague. Aya ya nne ilizungumzia uvimbe wa miguu, na pale palipostahili jina la mdogo palikuwa patupu. Mdogo alirudisha karatasi.

"Umeona?"

"Nimeona nini?"

"Usijifanye. Iweke hiyo makala yako."

"Kaka, si lazima."

"Iweke kabla sijabadili mawazo. Ila andika kwamba wagonjwa walikuwa wachache."

Mdogo aliandika palepale kwamba wagonjwa walikuwa wachache.

Marehemu alifariki Alhamisi, tarehe 17 Novemba 2022, saa nne asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono. Makala ya 112 imechapishwa jana. Namba 31 katika orodha ya marejeo ni ya mdogo wake. Ndiyo nukuu ya 3,114, na ndiyo pekee aliyokuwa akiitaka.

Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watatu, na mdogo mmoja ambaye tangu Alhamisi hana tena mtu wa kumwonea wivu, wala hajui asubuhi aianzeje. Mola amjalie kaka pumziko ambalo yeye mwenyewe hakuwahi kujipa.