Vidonge vya Karani na Wembe wa Jumamosi

Kichwa cha karani wa posta kiling'aa hata dereva wa basi akashusha kikinga jua, na jua lenyewe, bila kutia chumvi, lilikuwa nyuma yao. Karani akatoa kichupa mfukoni, akameza kidonge bila maji, akakirudisha kichupa upesi kama mwizi.

"Vya nywele hivyo," akasema msusi aliyeketi kando yake, ambaye hakuulizwa na mtu.

"Mwezi wa tatu huu navimeza, dada. Vina zinki, vina biotini, vina kila kitu isipokuwa nywele. Na binti yangu anaolewa mwezi ujao. Kwenye picha nataka nionekane baba yake, si babu yake."

"Ulipima damu? Vidonge humfaa aliyepungukiwa. Pengine mayai na maharage yanakutosha." Msusi akaukagua ule utosi kama anayechagua tikiti sokoni. "Mbona pana alama za wembe?"

"Nanyoa kwa kinyozi kila Jumamosi. Zikiota mabaka mabaka watanicheka."

"Baba, unapanda Jumapili, unang'oa Jumamosi, kisha unailaumu mbegu?"

Karani, aliyepima barua za watu miaka thelathini bila kukosea, hilo hakuwahi kulipima. "Na nikiacha kunyoa, zikakataa kuota?"

"Utakuwa umejua."

"Ndicho ninachokiogopa."

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Basi likasimama mbele ya kibanda cha kinyozi wake, naye kinyozi yuko mlangoni, anakung'uta kitambaa. Karani akainuka nusu, mkono mmoja kichwani, mwingine kwenye kichupa, na dereva akauliza kama kuna anayeshuka.