Picha ya Kichwa ya Kaka Pantaleo

Baba Paroko, wazee wangu, majirani, nanyi wachimbaji mliotoka Nyarugusu, mimi Selestine, mdogo wake marehemu, ukoo umenipa kazi ya kuwasomea maisha yake.

Kaka Pantaleo Makoye alizaliwa Tinde tarehe 12 Machi 1931, akasoma Buhangija hadi darasa la nne, akaacha ili nisome mimi, mwaka 1952 akaajiriwa mgodi wa Geita hadi ulipofungwa mwaka 1966, ndipo akahamia Nyarugusu kuponda mawe ya dhahabu. Tarehe 8 Juni 1957 alimwoa shemeji yangu Bernadina, wakajaliwa watoto sita, wote wapo hapa. Enzi zile akija likizo tulisikia mluzi wake tangu njiani, na ng'ombe walimtambua kabla yetu. Nazikumbuka siku hizo hata zinaniuma.

Mwaka 1982 tundu la kushoto la pua yake liliziba, likawa linatoka damu, tukasema ni vumbi la mawe, kisha shavu likavimba. Tarehe 17 Januari 1983 mganga wa zahanati alimwandikia barua aende Mwanza akapigwe picha ya kichwa. Barua niliisoma mimi, msomi wa nyumba hii, nikampeleka studio mjini Shinyanga, akavaa koti langu, akapigwa pasipoti, nikazituma mbili Mwanza kwa posta, tukakaa kungoja aitwe. Miezi minane baadaye, meno ya juu yakiwa yamelegea, mganga aliuliza picha imeonyesha nini, nikamjibu kwamba imetoka vizuri sana.

Eksirei, ndiyo picha aliyoitaka mganga tangu mwanzo, tulipokwenda kuipiga Mwanza ilionyesha kansa iliyoanzia kwenye uwazi ndani ya mfupa wa shavu, ya aina isiyoonekana mara nyingi na inayokwenda mbio, nayo ilikwisha kula mfupa ulio chini ya jicho. Daktari alisema mapema wangeikata. Tulipanda treni hadi Dar es Salaam, akachomwa mionzi wiki sita, uvimbe ukapungua, akarudi nyumbani akala ugali wake wa mtama karibu mwaka mzima, kisha uvimbe ukarudi, akafariki tarehe 3 Februari 1985.

Wengi mmesikia kwamba marehemu alichelewa kwa kuogopa kisu. Maneno hayo aliyatunga mwenyewe tukiwa ndani ya treni, akaniambia, "Selestine, wewe ndiye utakayebaki nao. Mimi waache waniite mwoga." Nami nilinyamaza, nikawa naitikia shikamoo za watoto wake. Shemeji, wanangu, aliyekosea ni mimi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliolala matangani, na wachimbaji mliochimba kaburi hili.

Kaka, sasa wanajua. Pumzika kwa amani.