Masomo Tisa Yaliyokataliwa

Ndani ya basi la asubuhi huko Ohio, Marekani, Bibi Verna alimsikia mama aitwaye Marlys akimlalamikia bwana aliyeketi pembeni yake.

"Miaka miwili nimesoma chuo cha jamii, kile cha kuanzia kabla ya chuo kikuu: historia, falsafa, fasihi. Mshauri wa chuo akaniapia kwamba chuo kikuu watayapokea masomo yote. Jana wamekataa masomo tisa. Eti nianze upya."

"Ungesoma uuguzi, dada," yule bwana akasema, akitafuna mkate.

"Wazee nawaosha tangu nina miaka kumi na tisa. Nilitaka kufundisha."

"Lakini cheti cha hicho chuo cha jamii si unacho?"

"Kipo ukutani, kaka. Mama alikitia fremu, kisha akafa akiamini mimi ni mwalimu."

Bibi Verna, bingwa wa vitendawili, akajiuliza ni ngazi gani hii, ukifika katikati unarudishwa chini. Basi likasimama mbele ya makao ya wazee, Marlys akashuka kwenda kuwaosha.