Macho ya Marehemu Josephat Ndululu, Mpaka Rangi

Mchungaji, wazee wa kanisa, majirani na nyinyi nyote mliopanda mlima huu asubuhi na ukungu, mimi ni Muthoki, mtoto wa tatu wa marehemu, na ingawa ilikuwa baba mdogo Mutie asome, mama ameniomba nisome mimi, kwa sababu ndimi niliyemshikia baba mkebe akichanganya rangi.

Marehemu Josephat Ndululu Nzomo alizaliwa tarehe 14 Machi 1946, hapa Mbooni, mtoto wa pili wa hayati Nzomo na hayati Ndila, akasoma hapa chini kanisani hadi darasa la nne mwaka wa 1958, halafu babu akafariki, naye akatoka shuleni kuchunga ng'ombe.

Mwaka wa 1964 alienda Mwingi, akaajiriwa kupaka rangi malori ya barabara ya Garissa, na huko ndiko alikojifunza kwamba rangi mbichi hudanganya, kwa hiyo lazima uiache ikauke, uitazame kivulini, kisha uitoe juani uitazame tena. Lori likigongwa mlango, alipaka mlango huo tu, na dereva mmoja wa Kyuso alirudi akilalamika kwamba hakuna kilichofanywa, mpaka baba akamwambia aushike aone kama haunati.

Alifunga ndoa na mama yetu, Kavata Mbula wa Kyuso, tarehe 12 Desemba 1970, wakajaliwa watoto watano, wasichana wanne na mvulana mmoja, Nzomo, aliyepewa jina la babu, nasi sote tuko hapa.

Mwaka wa 1979 alihamia soko la Wote na kushirikiana na mchongaji, Mzee Kisilu Mbuvi, ambaye yuko nasi, amekaa safu ya pili, amevaa koti la kahawia. Kisilu alichonga, baba alipaka, walikula sahani moja, na sisi watoto tulimwita Kisilu baba mkubwa.

Mwaka wa 1985 Bwana Gicheru, mfanyabiashara wa Nairobi, ambaye pia yuko hapa, aliwaletea kazi ambayo Wote haikuwahi kuiona. Kuna watu wa ng'ambo wanaopenda sinema za vyombo vya angani, nao hutaka kofia na bunduki za mbao zinazofanana kabisa na zile za kwenye sinema, hata mikwaruzo, hata rangi. Gicheru alileta kofia moja ya plastiki ya kufananishia, na rangi yake ilikuwa ngumu, kivulini ni jivu, juani inavuta kijani cha majani ya mkonge. Watu wa soko walicheka, wakauliza kama wanaume wawili wazima wamekosa jembe wakaamua kutengeneza vitu vya kuchezea, lakini baba alikaa na ile kofia msimu mzima, akapaka vipande vya mbao na kuvitupa, hadi siku Gicheru mwenyewe alipochukua kofia ya mbao akidhani ni ya plastiki, akashtukia uzito. Watu walisema baba anatia mkojo wa ng'ombe kwenye rangi, nami leo nawaomba muwaache ng'ombe wapumzike.

Mwezi wa Juni 1991 baba alikuwa hapa Mbooni kwenye mazishi ya nyanya, na Kisilu akamwambia Gicheru kwamba rangi zote zilikuwa zake tangu mwanzo, na kwamba macho ya Ndululu yameisha. Baba aliporudi Wote alikuta kufuli jipya kwenye mlango wa karakana yao. Kisilu alisema mbele ya watu, "Ndululu, nenda nyumbani upumzike, mpaka rangi asiyeona ataniharibia kazi."

Angeweza kuiba mbao, angeweza kuiba brashi, lakini aliiba macho ya mtu, na nani humpa kazi mpaka rangi kipofu? Vijana wa soko walimwinulia leso wakimuuliza, "Mzee, hii ni rangi gani?" naye aliwajibu kila mara, bila kukosea, nao wakacheka tu. Mwaka wa 1992 nilitoka shule nikiwa kidato cha pili. Sisemi haya ili nihurumiwe, nayasema ili yule aliyetuletea hayo ayasikie akiwa amekaa.

Baba alianza kuugua figo mwezi wa Septemba 1993, akalazwa mara kadhaa. Akiwa kitandani alimwambia muuguzi kwamba kola ya vazi lake si nyeupe sawa na mikono, na muuguzi akakubali kwamba ile kola aliibadilisha. Daktari alimpima macho kwa ombi letu, akasema, "Mzee huyu ananishinda mimi." Alifariki Jumanne tarehe 9 Agosti 1994, alfajiri, mama akiwa kando yake.

Familia inamshukuru daktari huyo na wauguzi, majirani waliotuletea kuni na maji, akina mama wa kanisa, na wapaka rangi wa Mwingi waliosafiri usiku kucha. Tunamshukuru pia Mzee Kisilu, aliyekuja Jumatano na Bwana Gicheru katika gari lake, akamwambia mama, "Mama Nzomo, kofia zote zimerudishwa, wanunuzi wanasema hata juani ni rangi ya sufuria. Kama marehemu aliacha mkebe, si utakauka bure tu hapo?" Mama alikuwa bado hajamaliza kulia.

Mzee Kisilu, mkebe ulikuwepo. Baba aliuchanganya Aprili mwaka huu, amekaa kitini pale mlangoni, bila kofia mbele yake, kwa kukumbuka tu, akaniambia niutunze. Baba mdogo alileta jeneza la mbao tupu, nami nimelipaka mkebe wote, umeisha. Namna ya kuichanganya ninayo mimi, na wewe usije ukaniuliza, hata nikizeeka.

Hapa chini ya turubai mnaona jivu tu. Ukungu umeondoka, jua limetoka. Bwana Gicheru, ile kofia ya plastiki iko kwenye gari lako, niliiona Jumatano, na ninakuomba mbele ya kanisa hili uilete, tukilitoa jeneza uiweke juu yake pale juani, na kila mtu apite atazame kama kijani ni kimoja, na Mzee Kisilu apite wa kwanza. Mimi sijawahi kuviweka viwili hivyo pamoja, sina nilichojaribia. Siogopi.

Baba, walikunyima amani sokoni, ichukue sasa, upumzike nayo. Wabebaji, njooni.